Jinsi ya kufuatilia shamba la Marekani, kutoka patenti ya serikali hadi mwenye shamba wa leo

Mtu akitaka kujua kiwanja cha Dodoma au Nakuru ni cha nani, anakwenda kwa msajili wa hati, analipa ada ya upekuzi na kuoneshwa jina. Aliyeandikwa daftarini ndiye mwenye mali. Marekani, ukiacha sehemu chache, mambo hayaendi hivyo. Ofisi ya kaunti inapokea hati uliyoileta, inaigonga muhuri, inainakili kitabuni na kukurudishia. Haikwambii shamba ni la nani. Hilo unalithibitisha mwenyewe kwa kufuata hati moja baada ya nyingine, mkono kwa mkono, mpaka ufike kwenye karatasi ya kwanza kabisa, ile ambayo serikali ilimpa raia ardhi hiyo.

Karatasi hiyo ya kwanza inaitwa patenti ya ardhi. Haihusiani na hataza ya mvumbuzi, ingawa kwa Kiingereza ni neno lilelile. Ni hati ya serikali inayosema: kuanzia leo ardhi hii si ya serikali tena, ni ya fulani na warithi wake milele. Baada ya hapo serikali inajitoa, na kila kinachofuata ni shughuli ya watu wenyewe kwa wenyewe: kuuziana, kurithishana, kuwekeana rehani, kushtakiana.

Naishi Indiana, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wenzangu wanaozungumza Kiswahili, wengi wao ndugu zetu kutoka Kongo, kusoma makaratasi ya mashamba wanayotaka kununua. Nimeona mtu akishika nakala ya patenti ya mwaka 1830 na kudhani ameshika hati ya shamba. Hapana. Ameshika pete ya kwanza tu ya mnyororo mrefu. Mwongozo huu unaonesha namna ya kuushika mnyororo wote. Mfano nitakaokwenda nao ni shamba la Thomas Lincoln, seremala na mkulima, baba yake Abraham Lincoln aliyekuja kuwa rais. Nimemchagua kwa sababu karibu kila taabu inayoweza kumpata mwenye ardhi wa zama zile ilimpata yeye.

HATUA YA KWANZA: Jua ardhi iko kwenye jimbo la aina gani

Usifungue kitabu chochote kabla ya kujibu swali hili. Majimbo ya Marekani yamegawanyika mafungu mawili. Katika majimbo 30, ardhi ya mwanzo iligawiwa na serikali kuu, na patenti zake ziko kwenye hifadhi moja. Katika majimbo 20 serikali kuu haikuwa na ardhi ya kugawa: makoloni 13 ya awali, pamoja na Maine, Vermont, West Virginia, Kentucky, Tennessee, Texas na Hawaii. Huko patenti zilitolewa na mfalme, na mabwana wa koloni au na jimbo lenyewe, kwa hiyo utazitafuta kwenye kumbukumbu za jimbo husika. Mtu anayetafuta patenti ya shamba la Kentucky kwenye kumbukumbu za serikali kuu atapoteza siku nzima bure.

Tofauti hiyo si ya makabati peke yake. Inagusa namna ardhi ilivyopimwa, na hapo ndipo habari ya Thomas Lincoln inapoanzia.

Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia mpaka 1792. Kupata ardhi huko kulikuwa na hatua nne: kupata waranti, yaani karatasi ya kukuruhusu kuchukua ekari kadhaa; kuandikisha sehemu unayoitaka; kupimiwa; kisha gavana kutoa hati. Aliyechagua eneo ni mwenye waranti mwenyewe, na mipaka ilielezwa kwa miti, vijito na mawe: kutoka mwaloni mweupe hadi ukingo wa kijito, kisha nguzo 200 (nguzo ni kipimo cha futi 16 na nusu) kuelekea mashariki. Mwaloni ukianguka, kijito kikihama njia, mpaka umekwenda nao. Sisi tuliokulia kwenye mashamba yanayopakana kwa minyaa na mikungu ya zamani tunaelewa ugomvi wa namna hiyo. Waranti ziliuzwa nyingi, madai yakapandana, na ekari moja ikawa na wenyewe wawili au watatu, kila mmoja na karatasi yake halali.

Thomas Lincoln alinunua shamba la Mill Creek mwaka 1803, ekari 238. Alipoliuza mwaka 1814 lilihesabiwa ekari 200 tu kwa kasoro ya vipimo. Shamba la Sinking Spring, alikozaliwa Abraham, lilimponyoka katika mgogoro wa hati. La tatu, la Knob Creek, alishtakiwa pamoja na majirani zake kwamba wanaishi kwenye ardhi ya warithi wa mtu wa Philadelphia. Abraham aliandika mwaka 1860 kwamba baba yake aliihama Kentucky kwa sehemu kwa ajili ya utumwa, lakini hasa kwa ugumu wa hati za ardhi. Mwishoni mwa 1816 familia ikavuka mto Ohio na kuingia Indiana.

HATUA YA PILI: Jifunze kusoma anwani ya ardhi

Indiana ni jimbo la ardhi ya serikali kuu, na huko ardhi ilipimwa kwa miraba kabla ya kuuzwa. Utaratibu huo uliwekwa na sheria ya tarehe 20 Mei 1785, na mwezi Septemba mwaka huo Thomas Hutchins alianza kupima kwenye ukingo wa mto Ohio, mpakani mwa Pennsylvania, mahali ambapo leo ni East Liverpool.

Ukiielewa miraba hii, nusu ya kazi imekwisha. Nchi inakatwa katika miraba ya maili sita kwa maili sita, kila mmoja ukiitwa taunishipu. Taunishipu inakatwa vipande 36 vya maili moja ya mraba, yaani seksheni. Seksheni moja ni ekari 640. Robo yake ni ekari 160, nusu ya robo ni 80, na robo ya robo ni 40. Ukikuta namba hizi kwenye hati, umeshajua ni kipande cha ukubwa gani kabla ya kutazama ramani.

Taunishipu yenyewe inatambuliwa kwa kuhesabu kutoka mistari miwili mikuu: mmoja wa kaskazini hadi kusini, uitwao meridiani kuu, na mmoja wa mashariki hadi magharibi, uitwao mstari wa msingi. Shamba la Thomas Lincoln liliandikwa hivi: robo ya kusini magharibi ya seksheni ya 32, taunishipu ya 4 kusini, renji (yaani safu ya kusimama) ya 5 magharibi, meridiani kuu ya pili. Anza kusoma mwishoni, urudi mwanzoni. Simama pale mistari miwili mikuu inapokutana. Shuka kusini mpaka safu ya nne ya taunishipu. Nenda magharibi mpaka safu ya tano. Sasa umo ndani ya mraba wa maili sita. Itafute seksheni ya 32, kisha chukua kona yake ya kusini magharibi.

Seksheni zinahesabiwa kama ng'ombe wa plau anavyokwenda na kurudi shambani: ya 1 iko kona ya kaskazini mashariki, unakwenda magharibi hadi 6, unashuka na kurudi mashariki kutoka 7 hadi 12, na kuendelea hivyo mpaka 36 kwenye kona ya kusini mashariki. Kwa hiyo ya 32 iko safu ya chini kabisa, ya pili kutoka magharibi. Angalizo moja: kwenye taunishipu za mwanzo kabisa mashariki mwa Ohio, kabla ya sheria ya 1796, hesabu ilianzia kusini mashariki na kupanda kaskazini. Ukitumia mchoro wa kawaida huko, utatua kwa jirani.

Vipimo navyo vinataka uzoefu. Wapimaji walitumia mnyororo wa chuma wa futi 66, karibu mita 20, wenye pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni ekari moja. Nguzo moja ya kupimia ni robo ya mnyororo, futi 16 na nusu. Mpimaji akifika kwenye kona ya seksheni alitia alama kwenye miti iliyo karibu na kuandika kwenye daftari lake aina ya mti, unene wake, na umbali wake kutoka kwenye kona. Madaftari hayo yapo mpaka leo, na mengi yanasomeka bure mtandaoni. Ukikuta mgogoro wa mpaka, ndiyo bikoni ya mwanzo.

HATUA YA TATU: Itafute patenti

Patenti za serikali kuu zilikuwa chini ya wizara ya fedha, kisha mwaka 1812 ikaundwa ofisi kuu ya ardhi. Mwaka 1946 ofisi hiyo iliunganishwa na nyingine ikawa idara ya usimamizi wa ardhi ya leo, ambayo kifupi chake ni BLM. Idara hii imeweka picha za hati zaidi ya milioni tano kwenye tovuti yake, glorecords.blm.gov. Huhitaji kujisajili wala kulipa.

Kuna njia mbili za kutafuta. Unaweza kuingiza jimbo, kaunti na jina la mtu, au ukaingiza anwani ya ardhi uliyojifunza kuisoma hapo juu. Mimi ninakushauri uanze na anwani. Majina yanadanganya: karani wa 1820 aliandika alivyosikia, na familia moja inaweza kuonekana kwa tahajia tatu. Kina Thomas Lincoln nao walikuwa zaidi ya mmoja. Seksheni ya 32 haibadiliki tahajia.

Ukikosa patenti ya mtu binafsi, usikate tamaa haraka. Seksheni ya 16 ya kila taunishipu ilitengwa kwa ajili ya shule tangu sheria ya 1785, hivyo mmiliki wa kwanza hapo ni jimbo au taunishipu yenyewe. Kampuni za reli zilipewa seksheni kwa kurukaruka, moja yao na moja ya serikali, kuanzia reli ya Illinois ya 1850. Ardhi ya mabwawa nayo ilikabidhiwa majimbo. Katika hali hizo hati ya kwanza ya mtu binafsi utaikuta kwa jimbo au kaunti, ikitoka kwa jimbo au kampuni.

HATUA YA NNE: Isome patenti polepole

Patenti ni ukurasa mmoja, lakini kila mstari wake una kazi. Mna jina la mpokeaji na kaunti aliyokuwa akiishi wakati wa kununua. Mna jina la ofisi ya ardhi ya wilaya alikolipia, mna sheria iliyotumika, mna anwani ya ardhi na ekari, na tarehe. Chini kuna jina la rais. Mpaka 1833 rais alitia saini patenti kwa mkono wake. Kazi ilipomzidi, sheria ya Machi mwaka huo ikaruhusu katibu kutia saini kwa niaba yake. Picha unayoiona mtandaoni, hata hivyo, ni ya nakala iliyoandikwa na karani kwenye kitabu cha serikali, kwa hiyo saini hapo ni ya mwandiko wa karani. Ile ya asili alipewa mwenye shamba.

Kinachowapoteza wengi ni tarehe. Tarehe ya patenti si siku ambayo mtu alihamia, wala siku aliyonunua. Tazama ya Thomas Lincoln. Alifika Indiana 1816 na kujenga. Tarehe 15 Oktoba 1817 alikwenda ofisi ya ardhi ya Vincennes kuandikisha robo seksheni, ekari 160. Bei ya serikali ilikuwa dola 2 kwa ekari, jumla dola 320, na sheria ya 1800 iliruhusu kulipa kidogo kidogo: robo mwanzoni, iliyobaki kwa miaka. Siku hiyo alitoa dola 16, na Desemba akaongeza 64. Jumla 80, ndiyo robo kamili.

Kisha mwaka 1819 uchumi ukaanguka, benki zikafungwa, na wakulima wa magharibi wakabaki na madeni ya ardhi wasiyoweza kulipa. Bunge likafuta mikopo mwaka 1820, likashusha bei kuwa dola 1.25 taslimu na kuruhusu mtu kununua ekari 80. Kwa waliokwishaingia deni, sheria ya 1821 iliwaruhusu kurudisha sehemu ya ardhi ili malipo waliyotoa yahesabiwe kwenye sehemu iliyobaki. Thomas alifanya hivyo. Alirudisha nusu ya mashariki, akabaki na ya magharibi, ekari 80, na patenti yake ikatoka tarehe 6 Juni 1827. Mtoto aliyeingia msitu ule na shoka akiwa hajatimiza miaka minane alikuwa sasa kijana wa miaka 18, na shamba ndiyo kwanza lilikuwa la baba yake kwa hati.

Kwa hiyo kati ya kuandikisha na patenti kunaweza kupita miaka kumi, na ndani ya miaka hiyo haki ya ardhi ingeweza kuuzwa. Ukikuta kwenye patenti jina la mtu likifuatiwa na maneno kwamba amehamishiwa haki na mwingine, elewa kwamba tayari kuna pete moja ya mnyororo kabla ya patenti, na pete hiyo haimo kwenye vitabu vya kaunti. Imo kwenye jalada la maombi, na majalada hayo yanahifadhiwa na idara ya nyaraka za taifa (National Archives) mjini Washington. Unaweza kuomba nakala kwa kutaja jimbo, ofisi ya ardhi na namba ya hati.

Uhamishaji wa namna hii ulikuwa mwingi kuliko kote kwenye ardhi ya askari. Tangu vita vya uhuru serikali haikuwa na fedha ila ilikuwa na ardhi, ikawaahidi askari ekari: mwaka 1776 askari wa kawaida aliahidiwa 100 na kanali 500. Waliopigana vita vya 1812 dhidi ya Uingereza walipewa 160, nyingi zikiwa Illinois, kati ya mito Mississippi na Illinois. Askari wa New York au Vermont, maskini, ana karatasi ya ardhi iliyo mbali kwa mwendo wa majuma. Wengi hawakuiona hata siku moja. Waranti za vita vya 1812 hazikuruhusiwa kuuzwa mpaka 1852, kwa hiyo patenti zilitoka kwa jina la askari au warithi wake, kisha nao wakaliuza shamba kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa. Mlanguzi akiacha kulipa kodi, kaunti inaliuza mnadani. Matokeo yake shamba moja lina watu wawili: mmoja ana hati kutoka kwa askari, mwingine ana hati ya mnada wa kodi. Ukifanya kazi kwenye kaunti hizo, fuata minyororo yote miwili mpaka uone wapi mmoja ulikatwa na mahakama au na ununuzi.

Baada ya 1852 waranti ziliuzwa kama bidhaa sokoni, chini ya bei ya serikali, na mauzo yakaandikwa mgongoni mwa waranti yenyewe. Omba nakala ya pande zote mbili. Abraham Lincoln alipata waranti mbili, za ekari 40 na 120, kwa kutumikia kwenye vita vya 1832 dhidi ya wenyeji walioongozwa na Black Hawk, akazitumia kuchukua ardhi Iowa. Alikuwa miongoni mwa wachache walioishika ardhi kwa jina lao.

Aina ya tatu ya patenti, baada ya ile ya kununua na ile ya askari, ni ya walowezi chini ya sheria ya tarehe 20 Mei 1862: ekari 160 kwa ada ndogo, ukikaa na kulima miaka mitano, au ukilipa dola 1.25 kwa ekari baada ya miezi sita. Daniel Freeman wa Nebraska alijiandikisha siku ya kwanza kabisa, 1 Januari 1863. Mwanamke asiye na mume aliruhusiwa, mhamiaji aliyetangaza nia ya uraia aliruhusiwa, na Waafrika waliotoka utumwani walichukua ardhi kwa njia hii huko Nicodemus, Kansas, kuanzia 1877. Majalada ya walowezi ndiyo mazuri kuliko yote, maana majirani walitoa ushahidi juu ya nyumba, visima, ekari zilizolimwa na nani alikuwa akiishi humo.

Jambo moja nataka ulione kabla hatujaenda kaunti. Mnyororo wa hati unaanzia kwa serikali kwa sababu mahakama iliamua uanzie hapo. Mwaka 1823, katika kesi ya Johnson dhidi ya M'Intosh, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kutambua ardhi ambayo watu binafsi walikuwa wameinunua moja kwa moja kwa mataifa ya wenyeji ya Illinois na Piankashaw mwaka 1773 na 1775. Ilisema ni serikali pekee inayoweza kununua kwa wenyeji. Ardhi aliyoiandikisha Thomas Lincoln ilitoka kwa wenyeji wa mataifa ya Delaware na Piankashaw kwa mikataba iliyosainiwa Vincennes mwezi Agosti 1804. Ninapoandika mnyororo wa shamba lolote, mstari wangu wa kwanza ni mkataba huo, juu ya patenti. Wakili hatakudai uuandike. Mimi nauandika, kwa sababu pale ndipo ardhi ilipobadilisha mikono kwa mara ya kwanza kwenye karatasi, na waliokuwa nayo walikuwa na majina.

HATUA YA TANO: Nenda kaunti

Kuanzia hapa kazi inahamia kwenye ofisi ya msajili wa hati wa kaunti. Jina la ofisi linabadilika jimbo kwa jimbo, na katika Connecticut, Vermont na Rhode Island hati huwekwa na karani wa mji. Kwanza uliza: ardhi hii ilikuwa kaunti gani mwaka ule? Thomas Lincoln alipofika, msitu wake ulikuwa Perry. Mwaka 1818 ikaundwa Spencer. Shamba halikusogea, kaunti ndiyo iliyohama.

Utakuta faharasa mbili, moja imeandikwa Grantor, yaani aliyetoa, nyingine Grantee, yaani aliyepokea. Anza na mwenye shamba wa leo. Mtafute kwenye faharasa ya waliopokea, utaona nani alimpa, kitabu namba ngapi na ukurasa gani. Chukua jina la aliyempa, umtafute naye kama mpokeaji. Endelea hivyo mpaka ufike kwa jina lililo kwenye patenti. Kisha geuka: anza na mwenye patenti kwenye faharasa ya waliotoa, uje mbele, uhakikishe kwamba hakuna aliyeuza mara mbili au kuweka rehani isiyofutwa. Usiishie kwenye tarehe ya hati. Kuna hati zilizotiwa saini mwaka mmoja na kupelekwa kusajiliwa miaka 20 baadaye, mwenyewe alipotaka kuuza.

Hati nyingi zenyewe zinakurahisishia kazi kwa kusema ardhi hii ndiyo ile niliyoipata kwa fulani, kitabu namba fulani. Soma mpaka chini. Tazama pia nani ametia saini. Zamani mke alikuwa na haki ya mjane juu ya shamba la mumewe, na mnunuzi mwangalifu alihakikisha mke naye anatia saini au alama ya msalaba, baada ya ofisa kumuuliza faraghani kama anafanya kwa hiari yake. Hati ya mume mwenye mke isiyo na jina la mke ina tundu.

Aina ya hati nayo ina uzito. Kuna ile ambayo muuzaji anaahidi kuitetea miliki dhidi ya mtu yeyote. Kuna ile ambayo anasema nakuachia haki yangu, kama ninayo, bila ahadi yoyote. Ya pili si mbaya kati ya ndugu wa mirathi moja, lakini ukiikuta kati ya watu wasiojuana, simama na uulize kwa nini.

Bei usiiamini sana. Dola moja na mapenzi ya mzazi ni zawadi. Na bei ya kweli huweza kushangaza: shamba la Thomas Lincoln, ambalo kwa hesabu ya serikali ekari zake 80 zilikuwa dola 160, aliliuza kwa Charles Grigsby Februari 1830 kwa dola 125, baada ya miaka 13 ya kukata miti. Mwezi uliofuata familia iliondoka kwenda Illinois.

HATUA YA SITA: Pale mnyororo unapokatika

Utakatika. Mara nyingi ni kifo. Mtu yuko kwenye faharasa kama mpokeaji, haonekani popote kama mtoaji, kisha jina jingine linauza shamba lake. Nenda mahakama ya mirathi, tafuta wosia, au kama hakuna wosia, orodha ya warithi. Hesabu watoto, halafu hesabu saini. Watoto saba, saini sita, basi sehemu moja ya saba imebaki inaelea mpaka uione hati yake.

Mara nyingine ni ndoa. Niliwahi kukaa siku mbili chini ya ardhi, kwenye chumba cha vitabu vya kaunti moja, nikitafuta shamba lilipitaje kutoka kwa mzee mmoja hadi kwa mwanamke ambaye jina lake halikufanana na la mtu yeyote humo. Karani mzee akaniuliza kama nimetazama kitabu cha ndoa. Sikuwa nimekitazama. Mwanamke alikuwa binti wa mzee yule, ameolewa mara mbili, na shamba alilirithi akiwa na jina la mume wa kwanza na kuliuza akiwa na jina la wa pili. Tangu siku hiyo kitabu cha ndoa nakifungua mapema.

Kukiwa na mnada wa kodi au wa deni, hati itatoka kwa sherifu au mkaguzi wa kaunti, na jina la mwenye shamba aliyenyang'anywa litakuwa ndani ya hati wala si kwenye faharasa. Kukiwa na kosa la anwani, kaskazini ikaandikwa kusini, soma hati za majirani wanaopakana. Mara nyingi zinaeleza ukweli. Mahakama ya kaunti ikiwa iliungua, na nyingi ziliungua, tafuta daftari za kodi za mwaka kwa mwaka, maana jina la mlipaji likibadilika, umepata mwaka wa mauzo.

Kama unanunua leo, si lazima ufike mpaka patenti. Indiana ina sheria inayoweka mkazo kwenye miaka 50 ya hati, Ohio 40, na kampuni ya bima ya hatimiliki itafanya upekuzi wake. Lakini upekuzi wao ni kwa ajili ya kulinda fedha zao. Isome ripoti yao mwenyewe, hasa ukurasa wa mambo wasiyoyakubali kuyabeba.

HATUA YA SABA: Andika mnyororo na ujaribu mwenyewe

Chora safu tano: tarehe ya hati, tarehe ya kusajiliwa, aliyetoa, aliyepokea, kitabu na ukurasa. Safu ya tarehe ziwe mbili, usiziunganishe. Penye pengo acha mstari mtupu.

Shamba nililolitumia hapa linafaa sana kwa mazoezi, kwa kuwa pete zake za mwanzo unazo tayari: mkataba wa 1804, maandikisho ya 1817, patenti ya 1827, mauzo ya 1830. Upande wa pili unajua linapoishia, kwani tangu 1962 mahali walipoishi kina Lincoln ni eneo la ukumbusho la taifa. Miaka 132 iliyo katikati imo kwenye vitabu vya Spencer, makao yake makuu Rockport. Fungua faharasa ya waliotoa, herufi G, na umtafute Charles Grigsby.